Mipaka Salama ya Volteji na Jotoridi katika Kupandisha Kasi ya Kichakataji na Kumbukumbu ya Kompyuta ya Mezani: Mfano wa Mazingira ya Itetemia, Tabora

Ikisiri

Makala haya yanaeleza mipaka salama ya volteji na jotoridi pale kasi ya kichakataji na kumbukumbu ya kompyuta ya mezani inapopandishwa kupita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Hoja kuu ni kwamba mpaka salama si namba moja inayoweza kunakiliwa kutoka katika jedwali lililoandaliwa nchi nyingine, bali ni matokeo ya hesabu inayoanza na jotoridi la hewa ya mahali kompyuta inapofanyia kazi. Itetemia, katika Manispaa ya Tabora, imechukuliwa kuwa mahali pa mfano kutokana na mwinuko wake, joto la Septemba na Oktoba, na umbali wake kutoka bandarini. Inaoneshwa kwamba mpangilio unaofaulu majaribio ya Juni unaweza kushindwa Oktoba bila mtumiaji kubadilisha chochote. Inaoneshwa pia kwamba kwa mtafiti, kosa la kimya la kumbukumbu ni la hatari kuliko kompyuta kuzimika.

1.0 Utangulizi

Upandishaji kasi, au ovakloki kwa lugha ya mafundi, ni kitendo cha kukiendesha kichakataji au kumbukumbu kwa masafa ya saa yaliyo juu kuliko yale yaliyothibitishwa na mtengenezaji. Lengo lake huwa ni kupata kazi zaidi kutoka katika kifaa kilekile. Kwa mtafiti mwenye kompyuta moja, anayeendesha uchanganuzi wa takwimu unaochukua saa nyingi, kishawishi hicho kinaeleweka: muda unaookolewa ni wa bure, na mabadiliko yenyewe hufanywa kwa dakika chache ndani ya BIOS.

Hata hivyo, gharama ya kosa haiko sawa kila mahali. Itetemia, iliyowahi kuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, ipo katika nyanda za juu za magharibi mwa Tanzania, kwenye njia ya kale ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa njia hiyo mji uko takribani kilometa 840 kutoka Dar es Salaam. Ubao mama au kichakataji kinachoungua Dar es Salaam kinaweza kutafutiwa mbadala siku hiyohiyo. Kikiungua Tabora, mbadala wake aghalabu husafirishwa. Aidha, dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida haihusu madhara yanayotokana na upandishaji kasi. Kwa hiyo swali la usalama linastahili kujibiwa kabla ya kifaa kuguswa.

Ushauri mwingi uliopo juu ya jambo hili umetolewa na watu wanaofanyia majaribio katika vyumba vyenye nyuzi joto 20 hadi 22 za Selsiasi, wengi wao katika nchi za baridi. Makala haya yanafafanua kwanza uhusiano wa volteji, masafa na joto, kisha yanaupima uhusiano huo kwa mazingira ya Itetemia.

2.0 Uhusiano wa Volteji, Masafa na Joto

Kichakataji kimeundwa kwa mabilioni ya transista zinazojiwasha na kujizima. Kila badiliko huhitaji kujaza na kumwaga chaji kidogo ya umeme. Nguvu inayotumika katika kazi hiyo hulingana na zao la masafa na kipeo cha pili cha volteji. Volteji ikiongezwa kwa asilimia 10 peke yake, nguvu huongezeka kwa asilimia 21. Masafa nayo yakiongezwa kwa asilimia 10, ongezeko lote hufikia takribani asilimia 33.

Mambo haya mawili hayatenganishwi kwa urahisi. Transista hujiwasha haraka zaidi inapopewa volteji kubwa. Hivyo kila hatua ya kupandisha masafa hufika mahali ambapo volteji iliyopo haitoshi, na kichakataji huanza kutoa majibu yasiyo sahihi au kusimama kabisa. Mtumiaji huongeza volteji ili kurejesha uthabiti, na kwa kufanya hivyo huongeza joto.

Karibu nguvu yote inayoingia katika kichakataji hutoka ikiwa joto. Jotoridi la kichakataji huweza kukadiriwa kwa kanuni rahisi: jotoridi la hewa inayoingia kwenye kipoza joto, kujumlisha zao la nguvu na ukinzani wa joto wa mfumo wa upozaji. Ukinzani huo hupimwa kwa nyuzi kwa kila wati. Kipoza joto cha kawaida chenye feni kinaweza kuwa na ukinzani wa karibu 0.4, kilicho bora huwa na ukinzani mdogo zaidi.

Kanuni hii inaonesha jambo ambalo majedwali ya volteji huliacha: jotoridi la hewa linaingia katika hesabu lote kamili. Hewa ikipanda nyuzi 12, kichakataji nacho hupanda takribani nyuzi 12, hata kama volteji na masafa havijaguswa.

3.0 Mazingira ya Itetemia

Tabora iko kwenye mwinuko wa takribani meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai huwa na usiku wenye ubaridi, ilhali mwisho wa kiangazi, hususani Septemba na Oktoba kabla ya mvua za Novemba, jotoridi la mchana hufikia nyuzi 32 au zaidi. Ndani ya kasha la kompyuta hewa huwa na joto zaidi ya ile ya chumbani kwa nyuzi kadhaa. Katika mfano huu zimekadiriwa kuwa nne.

Mwinuko una athari yake pia. Katika meta 1,200, uzito wa hewa kwa kila meta ya ujazo ni pungufu kwa takribani asilimia 13 ukilinganishwa na pwani, jotoridi likiwa sawa. Feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile husukuma hewa yenye uwezo mdogo zaidi wa kubeba joto. Kwa sababu sehemu ya ukinzani wa joto iko katika metali na katika dawa ya kupitisha joto, ambazo haziathiriwi na mwinuko, ongezeko la jumla ni dogo. Hapa limekadiriwa kuwa kutoka 0.4 hadi 0.425.

Chukua mfano wa kichakataji kinachotumia wati 120 kikiwa na mzigo kamili, kwa gigahezi 4.0 na volti 1.20. Kikipandishwa hadi gigahezi 4.4 na volti 1.32, nguvu huwa takribani wati 160. Matokeo ya hesabu ni haya:

| Hali | Hewa ndani ya kasha | Wati 120 | Wati 160 |
|---|---|---|---|
| Itetemia, jioni ya Juni | 24 °C | 75 °C | 92 °C |
| Itetemia, alasiri ya Oktoba | 36 °C | 87 °C | 104 °C |

Kikomo cha jotoridi hutofautiana kwa aina ya kichakataji. Intel Core i9-13900K kina kikomo cha nyuzi 100. AMD Ryzen za mfululizo wa 7000 zisizo na kumbukumbu ya akiba ya ziada zina kikomo cha nyuzi 95. Ryzen 7 7800X3D kina kikomo cha nyuzi 89. Kwa hiyo mpangilio wa wati 160 unaoonekana kuwa salama kwa aina fulani jioni ya Juni hupita vikomo hivyo vyote Oktoba. Kwa vitendo kichakataji hakitafika nyuzi 104, kwa kuwa hujipunguzia kasi chenyewe kinapokaribia kikomo. Hata hivyo, kasi iliyotafutwa hupotea, na kifaa huendelea kufanya kazi kwenye ukingo wa kikomo chake kwa saa nyingi.

Hesabu hii inaweza pia kugeuzwa. Ikiwa lengo ni kutozidi nyuzi 90 katika alasiri ya Oktoba, nguvu inayoruhusiwa ni tofauti ya 90 na 36 ikigawanywa kwa 0.425, yaani wati 127. Nyongeza hiyo ya wati 7, masafa na volteji vikipandishwa kwa uwiano sawa, hutoa kasi zaidi kwa chini ya asilimia 2. Kwa kipoza joto hicho, upandishaji kasi hauna faida ya maana katika Itetemia. Kikiwekwa kipoza joto chenye ukinzani wa 0.25, nguvu inayoruhusiwa hufikia wati 216, na kwa mujibu wa jotoridi peke yake volteji ingeweza kupanda hadi karibu volti 1.46. Hapo ndipo mpaka wa pili unapojitokeza.

4.0 Mpaka wa Volteji na Uchakavu

Jotoridi likidhibitiwa kikamilifu, volteji bado ina mpaka wake, kwa sababu inachakaza kichakataji kwa njia ambazo upozaji hupunguza lakini hauzuii. Njia mbili ni muhimu. Ya kwanza ni uhamaji wa atomi za metali katika nyaya nyembamba za ndani, unaosababishwa na msukumo wa elektroni. James Black alitoa mwaka 1969 mlinganyo unaohusisha maisha ya waya na msongamano wa mkondo pamoja na jotoridi. Kwa nishati ya uamshaji ya elektronivolti 0.7, kupanda kutoka nyuzi 70 hadi 80 hupunguza maisha hayo kwa karibu nusu. Njia ya pili ni kudhoofika kwa tabaka la kihami ndani ya transista, ambalo ni jembamba mno kiasi kwamba ongezeko dogo la volteji huongeza sana uga wa umeme unaolikabili.

Uchakavu wa namna hii hauonekani siku ya kwanza. Dalili yake ni kwamba kichakataji kilichokuwa thabiti kwa volteji fulani huanza kuhitaji volteji kubwa zaidi kwa masafa yaleyale. Mtumiaji anayejibu dalili hiyo kwa kuongeza volteji huharakisha jambo analojaribu kulitibu.

Mfano wa karibuni ni vichakataji vya Intel Core vya kizazi cha 13 na cha 14. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba kukosa uthabiti kwa baadhi ya vichakataji hivyo kulihusiana na volteji iliyozidi, na Agosti mwaka huo ikatoa mikrokodi 0x129 iliyozuia maombi ya volteji yanayozidi volti 1.55. Kampuni iliongeza pia miaka miwili ya dhamana. Mikrokodi hiyo ilikusudiwa kuzuia madhara zaidi. Haikuweza kurekebisha kichakataji kilichokwisha kuchakaa. Ikumbukwe kwamba watumiaji wengi walioathirika hawakuwa wamepandisha kasi.

Namba hiyo ya 1.55 nayo isisomwe vibaya. Ni dari ya maombi ya muda mfupi, ambayo kwa kawaida hutokea kichakataji kinapokuwa na mzigo mwepesi na mkondo mdogo. Vivyo hivyo, vichakataji vya Ryzen 3000 huweza kuonesha volti 1.4 hadi 1.5 kwa nukta chache kiini kimoja kinapofanya kazi nyepesi. Kuiweka volteji hiyo iwe ya kudumu kwa viini vyote, chini ya mzigo kamili, ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu mkondo unakuwa mkubwa mara nyingi zaidi. Kwa vichakataji vya kizazi hicho, watumiaji wenye uzoefu huchukua takribani volti 1.3 kuwa dari ya mzigo wa kudumu. Kwa hiyo volti 1.46 iliyopatikana katika sehemu iliyotangulia inapaswa kukataliwa, hata kama jotoridi linairuhusu.

5.0 Kumbukumbu

Kumbukumbu ina mipaka yake yenyewe. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya semikonda, ni volti 1.5 kwa DDR3, volti 1.2 kwa DDR4 na volti 1.1 kwa DDR5. Mipangilio ya kasi ya XMP na EXPO huzidi viwango hivyo. Kwa DDR4 mara nyingi hutumia volti 1.35. Kikomo cha juu kabisa kilichoandikwa na JEDEC kwa DDR4 ni volti 1.5, na maana yake ni kiwango ambacho kifaa kinaweza kuharibika kikikipita. Si kiwango cha kufanyia kazi kila siku.

Volteji ya kumbukumbu haiathiri kumbukumbu pekee. Kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya kichakataji, na mpangilio wa kasi unaweza kupandisha volteji ya sehemu hiyo bila mtumiaji kuombwa. Aprili 2023 baadhi ya vichakataji vya Ryzen 7000X3D viliungua pamoja na soketi zake, na AMD ikaelekeza volteji ya sehemu inayoitwa SoC isizidi volti 1.3. Tukio hilo linaonesha kwamba hatua inayodhaniwa kuwa ya kumbukumbu tu inaweza kukiua kichakataji. Kusasisha BIOS kabla ya kuwasha EXPO katika mfumo wa aina hiyo ni sharti la usalama.

Kuhusu jotoridi, kumbukumbu huhifadhi kila biti kama chaji katika kapasita ndogo inayovuja. Ndiyo maana DDR4 huhuishwa kila baada ya mikrosekunde 7.8 kwa wastani. Uvujaji huongezeka joto linapoongezeka, na JEDEC inataka muda huo upunguzwe kwa nusu jotoridi linapopita nyuzi 85. Moduli iliyopandishwa kasi na kubanwa muda wake haina nafasi hiyo: mara nyingi huanza kukosea karibu na nyuzi 50. Hewa ya kasha ikiwa nyuzi 36, zimebaki nyuzi 14 tu. DDR5 ina changamoto ya ziada, kwa kuwa saketi ya kudhibiti volteji imo ndani ya moduli yenyewe na hutoa joto lake.

Kichakataji kinachozidiwa kwa kawaida husimamisha kompyuta, na mtumiaji hujua. Kumbukumbu inayokosea inaweza kugeuza biti moja katika safu ya takwimu, programu ikaendelea, na jibu likachapishwa. Schroeder, Pinheiro na Weber, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu seva za Google, waligundua kwamba zaidi ya asilimia 8 ya moduli zilipata kosa ndani ya mwaka mmoja. Waligundua pia kwamba jotoridi halikuwa na athari kubwa. Matokeo hayo hayapingani na hoja ya makala haya: seva hizo hazikuwa zimepandishwa kasi, na zilikuwa na kumbukumbu ya ECC inayotambua makosa. Kompyuta nyingi za mezani hazina ECC. Kosa likitokea, hakuna wa kulihesabu.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, upimaji unapaswa kuanza na hali ya kiwanda. Nguvu na jotoridi la mzigo kamili hupimwa kwanza, kisha ukinzani wa joto hupatikana kwa kugawanya tofauti ya jotoridi la kichakataji na hewa kwa idadi ya wati. Kwa ukinzani huo, nguvu inayoruhusiwa Oktoba huhesabiwa hata kama jaribio linafanyika Juni. Kiyoyozi kisiingizwe katika hesabu: umeme unapokatika, kompyuta inaweza kuendelea kwa UPS au jenereta ilhali chumba kinapata joto.

Kichakataji na kumbukumbu vipandishwe kwa nyakati tofauti, ili kosa likitokea chanzo chake kijulikane. Masafa yaongezwe kwa hatua ndogo kabla ya volteji, na volteji isomwe chini ya mzigo badala ya kutegemea namba iliyoandikwa katika BIOS, kwa kuwa baadhi ya bao mama huongeza volteji zenyewe. Kumbukumbu ijaribiwe kwa MemTest86 kwa mizunguko kadhaa, kisha irudiwe wakati kichakataji na kasha vimepata joto, kwa sababu jaribio la kumbukumbu peke yake halileti joto la kazi halisi. Majaribio ya mwisho yafanywe alasiri ya kiangazi, na kurudiwa baada ya kusafisha vumbi, kwa kuwa vumbi huongeza ukinzani wa joto uliokwisha kuhesabiwa.

Umeme wa njia kuu, wenye kiwango cha volti 230, hauingii moja kwa moja katika kichakataji. Pawasaplai huugeuza kuwa volti 12, ambazo kwa kiwango cha ATX zinapaswa kubaki kati ya 11.4 na 12.6. Mpangilio wa kasi huongeza mzigo wa pawasaplai hiyo, hivyo uwezo wake ukaguliwe pamoja na vipengele vingine.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba volteji na jotoridi ni mipaka miwili inayofanya kazi kwa pamoja. Kwa kipoza joto cha kawaida, mtumiaji wa Itetemia huzuiwa kwanza na jotoridi, na faida yake Oktoba huwa ndogo mno kulinganishwa na gharama ya kifaa kilichoharibika mbali na soko. Kwa kipoza joto bora, huzuiwa na volteji, na upozaji hauondoi zuio hilo. Kwa kumbukumbu, zuio la kwanza ni usahihi wa matokeo.

Inapendekezwa kwamba fedha ya kwanza itumike katika upozaji badala ya moduli za kasi, na kwamba hesabu zote zinazoingia katika tasnifu ziendeshwe upya katika mpangilio wa kiwanda na kulinganishwa na zile za awali kabla ya kuwasilishwa. Majibu yakitofautiana pale yalipotakiwa kuwa sawa, mpangilio wa kasi uondolewe, hata kama kompyuta haijawahi kuzimika.